Mume Mpya wa Shangazi

Mwangaluka dada Leah,

Hapa Ngulyati jua linakausha pamba na midomo yetu pia. Jana Masanja, mume wa shangazi Kabula, alifika kwa babu kumrudisha mkewe aliyekimbia ulevi wake. Alivaa koti jipya la mitumba, maana ameokoka kwa mhubiri aliyesimama juu ya lori la wanunuzi binafsi wa pamba.

"Yule Masanja mlevi amekufa," alisema. "Mimi ni kiumbe kipya."

Babu akavua kofia. "Pole kwa msiba. Na wewe ni mtoto wa nani?"

Shangazi akatoka jikoni na ndoo. "Marehemu hakuwahi kunichotea maji. Wewe je?"

Masanja akaichukua ndoo, akaenda kisimani, akarudi koti limelowa, wanawake wakimcheka njia nzima. Shangazi akamwekea michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando.

"Sasa twende nyumbani," Masanja akasema.

"Kesho uje tena. Leo bado niko matangani."

Asubuhi hii amekuja na ndoo yake mwenyewe, na shangazi anafunga mizigo huku akiimba.

Wabusu watoto. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako,
Yohana