Benchi Lako Haliondoki, Rispa

Rispa, mtoto wa dada yangu,

Tangu tulipokuzika, mji huu wa Eldoret unasimama kwa sababu mjomba wako bado anaamka asubuhi. Serikali inajua hivyo, ila haijapata nafasi ya kuniambia. Kwenye mshahara wananiita tarishi tu. Lakini wewe uliyekuwa ofisa wa ustawi wa jamii unajua ofisi ile ilibebwa na nani. Haya, na wewe ulisaidia kidogo.

Kiti chako amekikalia kijana mmoja, viatu vyake vinalia kama panya. Siku yake ya kwanza aliamuru benchi lako litolewe barazani. Ati watu wakikaa wanaongea sana. Wasimame dirishani, waseme shida, waende. Nikamwambia, "Bwana Ofisa, hilo benchi ni la marehemu." Akanijibu marehemu hana benchi. Rispa! Nililitoa kweli, nikazunguka nalo nyuma ya jengo, nikalirudisha palepale. Akaamuru tena. Nikalirudisha tena. Mimi niliyemchosha chui kwa macho tu vitani kule Burma, nishindwe na viatu?

Unakumbuka nilivyomfokea yule mama aliyekuja akilia na mtoto mgongoni? Ukaniita kando. "Mjomba, mtu mwenye hasira amebeba mzigo. Mkalishe kwanza autue. Usimuulize hata jina kabla hajapumua." Nikakwambia hayo nilizaliwa nikiyajua. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kicheko kile, mama... Basi, tuendelee.

Mvua ilipoanza akaja tena Mzee Arap Lelei kutoka upande wa Soy, aliyekuwa ameshasimamishwa dirishani mara kadhaa. Shamba la mzungu alilolitumikia tangu ujana limenunuliwa na kampuni ya wananchi waliochangia hisa, na wafanyakazi wa zamani wameambiwa wahame. Yeye amekataa, na wakurugenzi wametuletea malalamiko. Akaingia barazani na rungu, koti linadondosha maji.

"Mzungu alinitukana kwa lugha yake nikavumilia! Sasa nyinyi mnanitukana kwa lugha ninayoielewa!" Akanigeukia mimi. "Na wewe, tazama hayo mashavu! Yamevimba kwa kodi yetu!"

Kijana akapiga kelele kutoka ndani, "Tarishi, kaite askari!"

Ningeita askari, Mzee angelala ndani, na kesho yake nyumba yake ingebomolewa bila yeye kuwepo. Sikwenda. Nikamsogezea benchi kwa mguu, nikamtazama, nikanyamaza. Akanitukana, akautukana ukoo wetu wote, pamoja na wewe. Nikanyamaza. Mwishowe pumzi ikamwishia, akakaa. Akaweka rungu chini.

"Mama watoto amelala pale karibu na josho la ng'ombe," akasema polepole. "Wanataka kupitisha trekta juu yake."

Siku zote alizosimama dirishani, neno hilo halikuwahi kutoka.

Kijana akatoka nje. Akasimama, kisha akakaa pale benchini kando ya Mzee, na matope yote. Kesho yake tukaenda Soy na Landrova ya ofisi. Wale wakurugenzi nao si wanyama. Walipoonyeshwa kaburi, mmoja alivua kofia. Limezungushiwa ua wa fito, na Mzee amebaki na nyumba yake na shamba dogo la mahindi pale pale.

Tukiwa njiani kurudi kijana akaniuliza, "Mzee, kunyamaza vile ulijifunzia wapi?" Nikampa habari ya chui, kuanzia mkia. Tangu hapo benchi halijaguswa. Na akija mwingine wa kulitoa, atalibeba na mimi juu yake. Hiyo ni ahadi, na nina kilo za kutosha.

Lala, mama. Mahali pako panapanguswa kila asubuhi.

Ila wewe sikuwahi kukudanganya ukakubali. Mzee alipoingia nilikuwa nimetia mdomoni kiazi kizima, kimetoka jikoni sasa hivi, kinaniunguza mpaka machozi. Jibu nilikuwa nalo, Rispa, tena la matusi. Lakini kilipopoa nikakimeza, Mzee alikuwa ameshakaa.

Usiwasimulie huko uliko.

Mjomba wako