Nyuzi Ambazo Seva Haizijui

Jumanne, Bloomington

Mheshimiwa seva, mhandisi mkuu Bi Moraa, na mimi, mwandishi wa programu inayopeleka majibu ya maabara wodini: kikao kimetimia.

Leo seva, mtambo unaoendesha programu yangu, ilizimwa kwa marekebisho. Kwa adabu, ilizisubiri nyuzi zake, yaani vijikazi vinavyokwenda sambamba ndani yake, zimalize kazi. Zangu, nilizojiundia kando kwa kujiona mjanja, haikuzijua. Zilikatwa zikiwa bado na majibu mikononi.

Muuguzi Achieng akapiga simu. "Kaka, majibu ya damu yako wapi? Mgonjwa anasubiri dawa."

"Ni mtandao," nikasema. Mimi, mzee wa kanisa.

Bi Moraa alipoikagua programu yangu, alicheka. "Seva ina wafanyakazi wake, wewe ukaleta vibarua wasioandikishwa?"

Kikao kimeazimia: kesho nyuzi zangu zifutwe, nitumie za seva. Kabla ya hapo, nimwambie Achieng kwamba mtandao hauna kosa.