Baba, Faroli Uliizima Mwenyewe

Baba yangu,

Nimetoka kisiwani kwako. Nimeliona kaburi lako, na nimeambiwa ulikufa lini. Ndiyo maana sijui hata nianzie wapi.

Basi nianzie kwenye faroli, maana wewe na ule mnara wa taa mlikuwa kitu kimoja. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja kukaa nawe shule zikifungwa? Kisiwa cha mawe matupu, hakuna hata mti wa kumfungia mbuzi, maji ya kunywa ni ya birika la mvua walilojenga Wareno. Tuliupaka mnara chokaa, mimi nimeshika ndoo, wewe umejifunga kamba kiunoni unaimba kaswida ili nisiogope. Mara moja malaria ilikulaza, ukanituma nipande nikawashe taa. Nikasema, "Baba, leo tuiache tu." Ukanijibu meno yakigongana, "Atija, taa haina ugonjwa wala haina Idi. Panda." Nikapanda.

Kwa hiyo vita vilipoingia kwetu Quiterajo, tukiwa tumejibanza kwenye mikoko, mimi na Mama tulitazama upande wako. Faroli iliwaka. Kisha ikazimika. Mama akashika kichwa. "Wamemuua." Hatukuulizana. Wewe ukiwa hai, nani angeizima?

Tukaishia Quitunda, kwa ndugu zake Mama. Tukakusomea hitima. Mama akakaa eda, akaimaliza. Baadaye, Baba, hata mwaka haujatimia, aliolewa. Nakwambia mimi, usije ukasikia kwa mwingine. Ni Mzee Sumaili, mgane, mtu mpole. Sisi wenyewe ndio tuliomshawishi Mama akubali.

Hali ilipotulia niliomba nafasi kwenye mashua ya motori ya wanunuzi wa pweza, wanishushe kisiwani nikusomee Yasini. Nilidhani nitakuta popo tu. Nikamkuta mwanamke anaanika pweza mbele ya mlango wako.

"Unamtafuta nani, dada?"

"Simtafuti mtu. Baba yangu alikuwa mtunza faroli hapa. Aliuawa siku vita vilipofika."

Akaacha pweza wake. "Mzee Amade? Nani kakwambia aliuawa? Alikufa kwa homa, mimi mwenyewe nikimpa maji. Mwanangu nilimzaa humu ndani, na Mzee anafariki mtoto ameshaanza kutembea."

Nilikaa palepale juu ya jiwe, jua linaniunguza nisisikie kitu. Jina lake Mwanaasha. Alinieleza kwamba siku ile yeye na familia nyingine walikimbilia kwenye mwamba wako kwa mitumbwi, na wewe ukapanda mnara ukaizima taa kwa mkono wako, wasije wakaonekana. Uliwapikia. Uliwagawia maji ya birika kikombe kwa kikombe. Tulipokuwa tunakulilia, wewe ulikuwa unamtafutia mwanamke mjamzito mahali pa kulala!

Nilipiga kelele. "Mbona hakutuma hata neno?"

"Amtumie nani?" akasema. "Aliletewa habari kwamba nyumba yake imeungua, mkewe na bintiye wamo ndani. Aliwasomea hitima hapahapa. Sisi ndio tulioitikia."

Alinionyesha kaburi, nyuma ya mnara, wamelizungushia matumbawe. Nilisoma Yasini nikakosea, nikarudia, nikakosea tena. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najumlisha moyoni, na kila nikijumlisha jibu ni lile lile. Mama aliolewa ukiwa hai.

Nilimwambia Mama mbele ya Mzee Sumaili, sikuona haki kuficha. Mzee aliinuka, akachukua mkeka wake, akaenda kulala kwa kaka yake. Shehe aliitwa. Akasema asiyejua hana dhambi, ila ndoa ile haikusimama, watengane kwanza. Na eda ya marehemu, akasema, ukihesabu tangu alipokufa kweli, ilishapita zamani.

"Ile niliyokaa ilikuwa ya mtu aliye hai," Mama akamjibu. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Yumo mpaka leo. Mzee Sumaili huleta unga, huuweka kizingitini, huondoka. Sijawahi kumwona mtu akihuzunika kwa adabu kiasi hicho, na wewe ungempenda, Baba, ndilo linaloniumiza.

Mimi bado sijatulia. Mwanzoni nilikukasirikia kwa kuizima taa ile, kisha namkumbuka mtoto wa Mwanaasha alivyokuwa anarukaruka juu ya mawe, hasira inapoa.

Jana Mama aliniita. Hakuuliza ulikufaje. Aliuliza, "Aliponisomea hitima, alilia?"

Nikamwambia, "Mwanaasha anasema alilia mpaka wakamshika."

Mama akajifunika uso kwa kanga, nikasikia anacheka na kulia pamoja. "Haya basi," akasema. "Na mimi walinishika."

Lala salama kwenye mawe yako, Baba. Safari hii tunakuombea tukijua ulipo.

Binti yako,
Atija