Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Mwenzangu, leo nimeaibika dukani mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Si nilikwenda kuchagua kile kiti cha magurudumu cha umeme? Muuzaji akaniuliza, "Mama, kijiti cha kuendeshea tukufungie mkono gani?"

Nikasema kushoto. Kushoto! Mimi, ambaye kwa mkono huo hata kijiko kinanishinda!

Akashangaa. "Lakini mama, umesaini kwa kulia."

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Wa kulia huwa anaushika mume wangu tukitembea."

Nilijisikia kabisa nikisema. Na huu ni mwaka wa pili tangu tumzike!

Muuzaji akauliza polepole, "Basi nifunge kulia?"

Nikamwambia afunge kushoto hivyo hivyo. Nitajifunza.