Maumivu ya Jumapili

Jumanne, Sosiot

Na bado siwezi kukubali. Kampuni inayotengeneza hii dawa ya kupaka ndiyo inalipia utafiti wa kuijaribu, na ndiyo imeamua sisi manesi tuwaulize wachuma chai kuhusu maumivu ya vidole Jumapili, baada ya kanisa. Jumapili! Hakuna mtu ameshika jani. Siku hiyo hata maji ya bomba yangeonekana dawa.

Leo nilibeba fomu hadi kituo cha kununulia chai, watu wakipima majani. Mama Chebet, ambaye juzi Jumapili aliyapa maumivu yake alama mbili kwa kumi, alinionyesha vidole vimekataa kukunjika.

"Sista, niulize sasa," akasema. Akanipa nane.

Nilipomtumia mratibu wetu wa utafiti matokeo, alipiga simu akiwa mkali. "Hiyo nane futa. Wenye pesa wanataka ya Jumapili tu."

Nikamwambia sifuti.

Kusema kweli naogopa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na sijui kama...

Basi. Nane nimeiandika kwa wino, na siku na saa niliyomuuliza kando yake. Wakitaka mbili, waje wafute wenyewe, Mama Chebet akiwaangalia.