Marekebisho Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Barua pepe ya thelathini na moja leo. Ya thelathini na moja! Nina wanafunzi watano wenye miradi ya programu huria, natafuta mlezi wa kuwaongoza. Mfadhili hatoi kompyuta wala intaneti mpaka aone saini ya mlezi. Walezi nao huniuliza kwanza — mfadhili yupo? Nimechoka kuzungushwa. Fomu mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Tukikosa, basi tena.

Jumanne, 4 Machi
Amepatikana! Anatunza programu huria ya maktaba: yeyote anaweza kumtumia marekebisho, naye huyapitia moja moja, bure, baada ya kazi zake. Atawalea wote, ila kwanza aone wanavyofanya kazi. Nikakimbilia maabara, nikawaambia wanafunzi: kila mmoja atume marekebisho kumi au zaidi kabla ya kesho asubuhi, mwonyesheni bidii! Wakapiga makofi. Feni imekufa tena. Mume wangu kaniuliza kama huko kazini siku hizi tunalipwa kwa jasho.

Jumatano, 5 Machi
Arobaini na saba. Huyu kafuta nafasi, yule kaongeza nukta. Mmoja kaingiza jina lake tu! Bi Mkubwa — tunamtania hivyo, ndiye mdogo kuliko wote — katuma moja. Programu ilikuwa inapoteza vitabu vinavyorudishwa siku ya mwisho ya mwezi, kaitibu. Nami asubuhi nikamgombeza, mbona moja?

Mchana mlezi kaandika. Kapoteza siku yake ya mapumziko akisoma nukta. Kaishia njiani, kawafungia wote watano wasimtumie tena. Aibu yangu hii.

Alhamisi, 6 Machi
Kichwa kinauma. Sijaandika kwa mtu yeyote.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nane. Bi Mkubwa kasimama mlangoni. Mwalimu usikasirike, nimemwandikia mlezi. Kamwambia wazo lilikuwa lake, mwalimu hakujua lolote. Nikamwambia aketi, hakuketi. Ati nikichafuka mimi, wenzake watatafutiwa mlezi na nani? Mwenzangu wa meza ya pili kaninong'oneza, nyamaza, yatapita. Na jinsi nilivyochoka, kunyamaza kunanivuta kweli.

Saa tisa na robo. Mlezi kajibu! Ameiona ile kazi ya vitabu, kaipokea. Atatia saini — ila aliyeanzisha upuuzi ule atoke kwenye mpango. Anataka nithibitishe jina.

Jina ni langu. Nikilitaja, natolewa, fomu inabaki bila mratibu, maana mratibu ni mimi, na haipokelewi. Nimemwomba mwenzangu ashike nafasi yangu. Kasema yeye hatii saini mambo ya watu.

Saa tisa na nusu. Nimemwandikia mlezi "ni mimi" mara mbili, nimefuta mara mbili. Bi Mkubwa kaweka karatasi ya kujitoa mezani pangu, kaijaza kwa mwandiko safi, bado saini tu. Naandika humu nionekane nina kazi. Ananiomba kalamu.