Jina Lililo Ukutani Si la Babu

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nasreen kaja mchana. Binti yangu huyu tangu aanze kuuza vitenge Mtaa wa Kongo haonekani, leo kaja anahema, hata chai hakutaka. "Baba, nimeupata ukuta!" Ukuta gani? Ukuta wa mabaharia wa vita, Mombasa. Mtu kaupiga picha wote, jina kwa jina, kaweka mtandaoni. Nasreen kaivuta picha kwa vidole viwili mpaka herufi zikajaa kioo. Mwinyimvua Salum, mchochea makaa, 1943.

Nikamwita Mama. Kaangalia muda mrefu, simu kaisogeza, kairudisha. Kisha kasema: "Ndiye." Akaenda kutia udhu.

Ndiye, ila jina si lake. Ngoja niliandike, maana tukiondoka mimi na Mama hakuna atakayelijua sawasawa. Babu mzaa mama ni Uledi bin Kheri, na mimi nimepewa jina lake. Mwinyimvua alikuwa rafiki yake, nyumba ya pili hapahapa Gerezani. Mwinyimvua ndiye aliyeandikishwa kwenye meli ya vita. Siku ya kuondoka akaingiwa na woga. Babu hana kazi, mkewe mjamzito – akachukua karatasi za mwenzake, akapanda. Mzungu anasoma karatasi, uso wa nini? Miezi saba baadaye meli ikazama. Barua ya rambirambi ikaenda nyumba ya pili. Nishani ikaenda nyumba ya pili. Bibi hakuletewa hata salamu. Eda hakukaa, angekaaje? Maiti hakuna, barua hakuna, na kwa vitabu vya serikali mumewe hajapanda meli wala hajafa. Watu wakasema Uledi kamtoroka. Mama kakua akiitwa mtoto wa mtoro.

Na Mwinyimvua? Aliishi mpaka 1979, anauza kahawa. Ndiye aliyekuja kuyasema yote kwa Bibi, mwenyewe keshaanza kuugua. Kabla ya hapo alisema serikali imekosea jina, na mtaa ulikuwa unamwita Marehemu. "Marehemu, tia kikombe!" Walikuwa wanacheka. Mimi pia nilicheka, nilikuwa mdogo, sikujua nacheka nini.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama anataka kwenda. Miaka themanini na moja! Magoti yote mawili mabovu!

Kisa: Nasreen kasoma kwamba kila Novemba watu hukusanyika pale ukutani. Majina husomwa, na mtu wa ukoo wa marehemu husimama akaweka ua. Nikamwambia Mama kwamba Yasini inafika popote, msomee hapa hapa sebuleni. Kanijibu taratibu, hasira zake zote huwa taratibu: anataka baba yake atajwe kwa jina lake. Mara moja tu. Mbele za watu, yeye akisikia kwa masikio yake. Akisha kusikia, hata akifa njiani tusimlilie sana.

Nikaenda kufungua meza yangu ya viatu Mchikichini, nikagombana na mteja wa kwanza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepita kwa Kanubhai, aliyekuwa akitupiga picha za vitambulisho vya bandari, kuchapisha ile picha ya ukuta, kubwa, Mama aione bila simu. "Abdulatif! Siku nyingi!" Anaita kwa sauti, duka zima linageuka. Sijamsahihisha. Nimwambie nini? Miaka ishirini na mbili bandarini nilikuwa Abdulatif. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha binamu yangu. Yeye alifaulu akaenda Maskati, mimi nilifeli nikabaki na cheti chake. Nani alishangaa? Nusu ya zamu yetu tulikuwa na majina ya kuazima. Nikaendesha winchi kwa jina la Abdulatif, nikaoa kwa jina la Uledi. 2017 yakaja mambo ya kuhakiki vyeti, nikatoka getini na mfuko wa rambo. Kofia ngumu nikaiacha, ilikuwa na jina.

Kanubhai kaitazama picha ikitoka kwenye mashine. Kauliza, huyu Mwinyimvua ndugu yako? Nikasema ndiyo. Jambo rahisi kuliko yote, kusema ndiyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeenda kwa Twaha. Mjukuu wa Mwinyimvua. Ana duka la spea karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, na mwaka huu anagombea uenyekiti wa mtaa. Picha zake ziko hadi kwenye nguzo za umeme.

Nilijiandaa kwa ugomvi, akanipokea kwa soda. Kumbe na yeye wale watu wa Mombasa kishawaandikia, wamemwalika kama mjukuu, atashika shada. Nikamweleza haja ya Mama. Akaweka mkono kifuani: "Kaka Uledi, mama yako Bi Mwanne ni shangazi yangu. Nikipewa maiki nitasema. Aliyekufa ni Uledi bin Kheri, kwa karatasi za babu yangu. Basi." Akanisindikiza mpaka barabarani.

Mama kalia kidogo. Kamwombea dua Twaha, ashinde uenyekiti. Mimi soda ile sikuiamini. Mtu hawi mwema hivyo bila sababu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Uhamiaji, hati ya dharura ya Mama. Foleni. Binti wa dirishani kamwuliza anakwenda Kenya kufanya nini. Mama: "Kumzika baba yangu." Yule binti kasimama kabisa. "Pole sana bibi. Amefariki lini?" "Arobaini na tatu." "Tarehe?" "Mwaka, mwanangu." Akanitazama mimi, nikamtazama yeye. Akaandika: msiba. Hati tumepata leo leo! Ndiyo mara ya kwanza serikali yoyote kukubali kwamba nyumba yetu ina msiba.

Bado cheti cha homa ya manjano. Mama anaogopa sindano kuliko safari.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama kashona buibui jipya. Katoa kanga ya Bibi sandukuni, katia udi. Kila jioni ananisomesha nitakayofanya: nisivae suruali ya kubana, nisibishane na mtu, nisimame upande wake wa kulia. Nasreen atabaki, mzigo wake unaingia wiki hiyo hiyo. Kanunua tiketi za basi, kakataa nimlipe.

Nasema kweli: nimeanza kufurahi. Naogopa hata kuandika.

Ijumaa, 1 Novemba

Nilijua! Nilijua!

Watu wa Mombasa wamemtumia Twaha ratiba ya siku ile, na yeye kairusha kwenye magrupu yote ya mtaa. Nasreen kanionyesha. Ukurasa wa pili, "Mashujaa Wetu": picha ya Mwinyimvua, kanzu nyeupe, saa mkononi, redio ya betri mapajani. Redio! Chini yake: alizama 1943 akiwa na miaka ishirini. Mzee wa miaka arobaini na ushei, kapigwa picha studio, uhuru tumeshapata! Na huko Mombasa hakuna aliyeuliza marehemu kaipata wapi redio, na hapa mtaani waliomnywea kahawa wengi wamekufa. Halafu maneno ya Twaha: "Damu ya shujaa inatumikia mtaa." Uledi bin Kheri hayupo. Hata kwa herufi ndogo.

Nikatoka swala ya Ijumaa moja kwa moja mpaka dukani kwake. Wateja wapo. Nikamwuliza, shangazi yako utamwambia nini? Akanivuta nyuma kwenye mataili. Kwanza upole: kampeni imekaribia, watu watasema babu yake alikuwa mwoga, kamtuma mwenzake akafe. Baadaye, baada ya kura, atasema. Nikamwambia babu yako alikuwa mwoga kweli, na wewe ni mjukuu wake halali. Hapo akabadilika. Akaongea polepole ili nisikose neno:

"Na wewe, Abdulatif? Utasimama mbele za watu kuzungumzia karatasi za watu? Fungua mdomo Mombasa, na mimi nafungua wangu. Nao watu wanajua kuuliza vyeti."

Nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Nimevuka barabara hata mwendokasi sikuutazama, dereva kapiga honi mpaka nikaziba masikio.

Jumamosi, 2 Novemba

Sikufungua meza.

Twaha hana cha kunifanya. Kazi nishafukuzwa, pensheni sina, kesi ya cheti walishaifunga. Nimelijua hilo tangu jana usiku. Na bado naogopa. Watu wa Mchikichini wananijua Uledi, muuza viatu, hawajui yale mengine. Mkwe wangu hajui. Nina miaka hamsini na sita na bado naona haya kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Na jambo baya zaidi, nitaliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nimejiuliza kama Twaha hana haki. Alichofanya Babu nilikifanya mimi. Yeye alizama, mimi nilipata marupurupu.

Jumanne, 5 Novemba

Nilitaka kumdanganya Mama. Basi limejaa, mpaka umefungwa, chochote. Nimemkuta kakaa kitandani, ratiba mkononi. Jirani kamletea, kampongeza kwa "babu yenu na Twaha".

Nikasema tusiende. Kasema tutakwenda. Nikasema Twaha hatasema. "Nimeona." Nikasema sasa twende kufanya nini, Mama, kumpigia makofi Marehemu na redio yake? Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia Mama sauti tangu nizaliwe.

Hakukasirika. Kaniuliza: "Wewe unaitwa nani?"

Nikasema Uledi.

"Nilikupa jina hilo bure?"

Akajilaza akageukia ukutani. Nimemwomba radhi mgongoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Mombasa. Safari ya kutwa. Mpakani Horohoro wametuteremsha wote, Mama kwa kiti cha plastiki, wanaume wawili wa basini wamembeba bila kuombwa. Mungu awalipe. Afisa wa upande wa pili kasoma "msiba", kagonga muhuri, hakuuliza neno.

Twaha kaja kwa ndege. Tumemkuta hapa gesti, suti ya bluu, kapiga goti: "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu." Mama kamshika kichwa kabisa! Kamwuliza habari za wanawe mmoja mmoja. Mimi niliangalia dirishani. Kwenye ngazi nimemwambia, kesho ukikaa kimya nitasimama mimi. Akacheka kwa pua.

Nimeshaandika nitakachosema. Mistari mitatu. Nimeisoma mbele ya kioo cha bafuni mara sita, mara ya tano tu ndiyo nilifika mwisho.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika papo hapo, safu ya nne, daftari juu ya goti. Nikishika kalamu natulia.

Ukuta ni mfupi kuliko nilivyodhani. Unanifika kidevuni. Mama kaugusa kabla watu hawajajaa. Kapapasa herufi za Mwinyimvua moja moja, kawasha ubani, kasoma Yasini yote kwa moyo, mlinzi kaja kumwambia ubani hauruhusiwi, Mama kauzima kwa vidole. Sikumwona akilia.

Hotuba mbili. Baragumu. Jua la saa nne. Twaha safu ya mbele, shada mapajani, anajipiga picha.

Wameanza majina. Mshereheshaji kijana, sauti nzuri. Anataja, wa ukoo anasimama, anasema yeye ni nani wa marehemu, anaweka ua. Mzee mmoja kasema tu "Kaka yangu" akashindwa kuendelea, watu wamempigia makofi ya pole. Majina mengi hayana mtu. Hapo hungoja kidogo, halafu husonga.

Wako kwenye K. Mama kanishika kiwiko.

Karatasi yangu ya mistari mitatu iko mfuko wa shati. Naihisi.

L. Wawili, hawana mtu.

M.

Mwinyimvua Salum.

Twaha kasimama. Kavuta koti. Na Mama naye kasimama! Bila mimi, kajiinua kwa kiti cha mbele. Mshereheshaji anawatazama wawili. Kateremka na maiki, kaja kwa mkubwa kwanza, adabu anayo. "Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Binti yake."

Watu makofi. Twaha kageuka nyuma, uso umemshuka.

"Tutajie basi jina la baba, Mama, tusikie kwako."

Mama hasemi. Kapokea maiki, kaishika kwa mikono miwili. Anajua kulitaja, kalitaja miaka themanini. Anataka atajiwe. Kainyoosha kwa Twaha, safu tatu mbele, na watu wanaipokea, wanaipitisha mkono kwa mkono. Imemfika.

Kaiangalia. Kafungua mdomo. Naapa kaanza – nimesikia "U", nimeisikia kwenye spika zote – kisha kanitazama mimi. Kaipa mtu wa nyuma yake. Ananionyesha kwa kidole. Inarudi. Safu ya pili. Safu ya tatu.

Mama hajakaa. Kanigeukia, anangoja.

Mwanamke wa mbele yangu kanipa maiki. Kaiweka juu ya daftari, kwa kuwa mikono yangu haiko wazi, naandika. Inawaka taa nyekundu. Kalamu inasikika kwenye spika, kwaru kwaru, watu wote wanaisikia, na mimi bado naandika